Miaka tisa naimba sauti ya tatu, kumbe mimi ni besi. Nyie sauti zenu halisi mlizijuaje?

#1 KinandaKibovu
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwanakwaya, kanisa siwatajii. Niliingia kwaya nikiwa na miaka 22. Siku ya kwanza mwenyekiti aliniuliza tu, "Unaimba sauti ya ngapi?" Nikaangalia benchi gani lina nafasi, nikasema ya tatu, yaani tenor, ile ya juu ya wanaume (besi ndiyo ya chini). Ikawa hivyo. Miaka tisa.

Miaka yote hiyo wimbo ukipanda nakunja shingo, nanyanyua nyusi, mishipa inasimama kama ya mtu anayevuta ndoo kisimani. Ibada ikiisha koo limekauka, Jumatatu kazini wananiuliza kama naumwa. Nikajua ndivyo kuimba kulivyo.

Mwezi uliopita tumepata mwalimu mpya. Mazoezi ya kwanza hakutuimbisha. Alituita mmoja mmoja pale kwenye kinanda, akasema, "Mama yako yuko jikoni, wewe uko uani, amekuita. Itika." Nikaitika: "Naam!" Akasema rudia. "Naam!" Akapapasa vitufe mpaka akaipata noti yangu, akaigonga mara tatu, akaniambia, "Hapa ndipo sauti yako inapokaa kabla hujaivalisha nguo. Jumamosi kaa na besi."

Nimekaa na besi wiki tatu. Haiumi hata kidogo. Lakini juzi nimejirekodi kwenye simu, na wakuu, yule siyo mimi. Sauti nzito, ina mchanga ndani, kama redio ambayo betri zimechoka. Kichwani mwangu nilikuwa Marijani Rajabu kabisa, yule mwimbaji wa dansi.

Sasa nauliza: sauti halisi ya mtu inajulikanaje? Unazaliwa nayo au unaitengeneza? Na ukishaijua halafu huipendi, unafanyaje?

#2 Chura Kiziwi
Siti ya mbele kabisa. Mwenye kahawa apitishe huku.

#3 Mlalahoi wa Mbagala
Sema ukweli mkuu, hilo benchi la sauti ya tatu lilikuwa karibu na akina dada wa sauti ya kwanza, siyo? Besi huwa wanakaa kule nyuma kwenye feni mbovu. Hakuna anayechagua kule kwa hiari yake.

#4 Nesi wa Zamu
Mleta mada, kujichukia kwenye rekodi ni kwa kila mtu, usijione mgonjwa.

Ukiongea unajisikia kwa njia mbili. Sauti inatoka mdomoni inapita hewani inarudi sikioni, halafu nyingine inapita humo humo ndani, kwenye mifupa ya kichwa, mpaka sikio la ndani. Mfupa unapitisha vizuri zaidi mitetemo ya chini. Kwa hiyo ukijisikiliza mwenyewe unajiona una sauti nene na tamu. Simu inashika ya hewani peke yake. Hiyo ndiyo sisi wengine tumekuwa tukiisikia siku zote, na hatujakukimbia.

Jaribu hivi: chukua madaftari mawili makubwa, yasimamishe mbele ya masikio, moja kila upande, makali yake yaguse mashavu. Imba. Utajisikia karibu na anavyokusikia mtu aliyekaa mbele yako. Kisha yaondoe ghafla uone tofauti.

Na hilo la koo kukauka kila Jumapili siyo la kuchekea. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie. Kuna watu wanaota vinundu kwenye nyuzi za sauti kwa kulazimisha.

#5 Babu Mchambuzi
Vijana mnahangaika bure. Sauti ni ya kuzaliwa. Wazee walilijua hilo, kila mtu akakaa kwake. Wasikilizeni waimbaji wa dansi Gurumo na Bichuka, kule bendi ya Msondo na baadaye Sikinde. Mmoja mzito, mmoja mwembamba anaelea juu, na hamkuwahi kumsikia huyu akienda kumwibia yule kazi. Ndiyo maana bendi ilikuwa bendi.

Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikuwa anauza vyungu vya mama yake, sauti yake ya kunadi biashara ndiyo hiyo hiyo akaenda nayo Bombay kurekodi santuri mwaka 1938. Hakufundishwa na mtu. Bi Kidude naye ile sauti yake ya kukwaruza ni sigara, kila mtu anajua.

#6 Binti wa Ng'ambo
Babu, shikamoo, lakini hapo umeteleza mara tatu.

Siti alirekodi Bombay 1928, siyo 1938. Pili, kusema hakufundishwa si kweli. Alipotoka Fumba kuja mjini alikaa na wapigaji na waimbaji waliomfundisha, akaimba mpaka kwa Kiarabu. Kipaji alikuwa nacho, lakini mtu hatoki na vyungu shamba akaingia studio kama alivyo.

La sigara ndilo linalonichosha zaidi. Mtaani kwenu wavuta sigara wangapi? Wangapi wana sauti ya Bi Kidude? Yule bibi kaimba bila spika, juu ya ngoma za unyago, usiku kucha, miaka na miaka. Ngoma ikipigwa karibu na wewe hivyo, sauti ya kubembeleza haifiki popote. Lazima utoe sauti ya kupasua. Mimi nasema koo lake lilichongwa na ngoma kuliko moshi.

#7 Babu Mchambuzi
Marahaba binti. 1928 nakubali, miwani sikuivaa. Hayo mengine nabaki na yangu.

#8 Dada Mkunde
Nimeingia kimya kimya nikasoma, ila #6 umenigusa.

Mimi ni mwanamke na sauti yangu ni nzito. Siyo nzito ya "ooh una sauti ya mahaba", ni nzito ya mtu akinipigia simu ananiita kaka. Darasa la nne mwalimu wa muziki alinisimamisha mbele ya darasa akaniambia nifungue mdomo tu bila kutoa sauti siku ya mgeni rasmi, naharibu. Nilifungua mdomo tu mpaka nikamaliza la saba. Sekondari nikajifunza kuongea kwa kijisauti cha juu, chembamba, kama mtoto anayeomba hela ya pipi. Nilikizoea hadi nikasahau kwamba nakiigiza.

Siku moja nilikwenda Unguja na rafiki zangu kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe. Akapandishwa bibi mmoja, wamemshika mkono, mdogo kama kishada. Akafungua mdomo. Jamani. Ilikuwa sauti yangu! Yaani ile ya kwangu ya darasa la nne. Watu wanapiga vigelegele, mimi nalia nikiwa na soda mkononi. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba mwanamke anaweza kuitoa ile mbele za watu na wakaitaka.

Sasa naimba na wanaume sauti ya tatu kanisani kwetu. Wageni hugeuka kuangalia. Na wageuke.

#9 Chura Kiziwi
Dada Mkunde hapo kwenye soda mkononi umenimaliza. Kumbe leo tunalia humu.

#10 Mwalimu Solfa
Nafundisha kwaya tangu enzi za kuandika solfa (doh, ray, mi) ubaoni. Niseme machache, maana naona vitu viwili vinachanganywa.

Kuna KIMO cha sauti, na kuna RANGI ya sauti. Kimo ni unafika wapi juu na wapi chini. Hapo mwili una neno kubwa: nyuzi za sauti za mwanamume aliyekomaa zina urefu wa milimita 17 hadi 25 hivi, za mwanamke ni fupi zaidi. Ndefu na nene zinatetemeka polepole. Doh ikiwa F, ile doh ya chini kabisa wanayogusa besi ni mitetemo 87 kwa sekunde. Mwenye nyuzi fupi hata umpe uji wa ulezi mwaka mzima haigusi.

Rangi ni kitu kingine. Watu wawili wanaimba noti ile ile na unawatambua umefumba macho. Rangi inatoka kwenye umbo la koo, mdomo, ulimi umekaaje, taya limefunguka kiasi gani. Umbo ulizaliwa nalo. Ulimi na taya unavitumia kwa mazoea, na mazoea hubadilika.

KinandaKibovu, wewe ulikosea kimo kwa miaka tisa. Rangi yako bado hata hujaiona, kwa sababu mtu anayevuta ndoo kisimani huwezi kujua anatembeaje. Mpe mwalimu wako miezi sita.

Ila lile la "Naam" nalitilia shaka. Kuita na kuitika kunaonyesha sauti ya kuongea. Nimewaona tena wengi wanaoongea chini na kuimba juu vizuri kabisa. Ni dalili tu, asilifanye hukumu.

#11 Mlalahoi wa Mbagala
Na mimi nina swali kwenye hiyo "Naam". Nikiitwa na mama naitika moja. Nikiitwa na bosi naitika nyingine, ndefu, laini. Mwenye nyumba akiita siitiki kabisa. Sasa ipi ni sauti yangu halisi mwalimu?

#12 Nesi wa Zamu
Hahaha, ya mwenye nyumba. Ukimya ni sauti ya nne.

#13 Mswahili wa Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi watu wa kwaya mwazungumza kana kwamba nyimbo zilianzia kwenye kinanda.

Kwanza, mwanamke kwetu haitiki "naam", huitika "bee", na bibi zetu waliitika "labeka". Hiyo "bee" hutoka puani kidogo, yajua kujivuta. Mtu akiimba tarabu ya mwambao kwa sauti ya kifuani kama mnayoisifu huku, watu watamuuliza kama amekuja kusoma taarifa ya habari. Marehemu Juma Bhalo aliimba kwa sauti ile ya juu, ya puani, na mji mzima ukalia naye. Sasa mumuite na yeye mumwambie amekosea benchi?

Lenu nyinyi "sauti halisi" ni ile isiyo na pua. Nani kaamua?

#14 Fundi Mitambo
Kisauni, lile ni zao la filamu za Kihindi. Bhalo alichukua mahadhi ya Kihindi akaweka mashairi ya Kiswahili, na namna ya kutoa sauti ikaja na mahadhi yake. Huwezi kuazima koti ukaacha mikono.

#15 Ustadhi Chumbageni
Fundi, hapana. Pua ya mwambao ina umri kuliko sinema. Mtoto wa Tanga au Mombasa kabla hajajua redio ni nini, ameshapelekwa chuoni, yaani madrasa. Huko anafundishwa ghunna: herufi nun na mim zikiwa na shada (alama ya kukaza), sauti ipite puani na uivute kiasi cha harakati mbili. Akikosea anarudia, na akirudia vibaya kuna kiboko. Miaka sita ya hivyo, unatarajia akiimba kasida au harusini sauti itoke wapi?

Mimi mwenyewe nimekuwa muadhini. Hakuna aliyenifundisha "rangi". Masikio yalifundishwa, koo likafuata.

#16 Mswahili wa Kisauni
Ustadhi, hapo tuko pamoja. Ingawa na la Fundi silitupi lote, maana mzee wangu alikuwa haondoki sinema.

#17 Mwalimu Solfa
Kuna sababu ya tatu mmeiruka. Zamani hakukuwa na maikrofoni. Sauti iliyobanwa kidogo, yenye ukali, ina nguvu kwenye mitetemo ya 3,000 hivi kwa sekunde, na hapo ndipo sikio la binadamu ni kali. Inapenya kelele. Waimbaji wa opera Ulaya wanajazia sehemu hiyo hiyo ili wasikike juu ya okestra bila spika, ingawa wao wanafanya kwa koo lililofunguka, siyo kwa pua. Kila mtu alitafuta njia ya kufika nyuma ya ukumbi.

#18 Mlalahoi wa Mbagala
Mama yangu amejazia hiyo 3,000 tangu nazaliwa. Anaita kutoka Mbagala mtu wa Kigamboni anaitika.

#19 Mgogo wa Bahi Road
Nimeona mnazunguka pwani tu. Njooni Dodoma. Hukwe Zawose, aliyetutoka 2003, alikuwa anaimba anaunguruma chini kama ngurumo ya mbali, halafu papo hapo amepaa juu na kasauti ka mtoto, anarudi tena. Katika wimbo mmoja. Na anapiga ilimba, ile ala yetu ya vidole gumba, wakati huo huo.

Ipi ilikuwa sauti yake halisi? Mwalimu, ungemkalisha benchi gani? Kwetu mtu hana sauti moja. Ana ya ng'ombe, ya ngoma, ya kubembeleza mtoto. Hili la "tafuta sauti yako MOJA" naona limeletwa na benchi za kanisa.

#20 Mwalimu Solfa
Zawose ningempa kiti changu nikakae chini. Hoja yako nzito, naitafakari.

#21 Kasongo wa Bukavu
Jambo ndugu zangu. Huku kwetu vijana wote wanataka kuimba juu sana, ni sababu ya Papa Wemba, mwimbaji wetu wa Kongo. Lakini wanasahau historia yake. Mama yake alikuwa mwombolezaji, watu wanamuita aimbe kwenye matanga, na mtoto alikuwa anamfuata. Ile sauti ya Wemba ina kilio ndani. Hata akiimba wimbo wa furaha wewe unasikia kuna maiti sebuleni. Alikufia jukwaani, Abidjan, 2016.

Mimi niliiga ile sauti miaka mingi kwa bendi yetu. Siku moja mzee mmoja wa gitaa akaniuliza: "Wewe, nani alikufa kwenu?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi acha kulia, imba."

#22 Dada Mkunde
Kasongo! "Nani alikufa kwenu?" Nimeiandika kwenye ukuta wa jikoni.

#23 Fundi Mitambo
Nina studio ndogo, nawaona kila siku. Dogo anaingia, hajavua hata viatu, anasema "broo nitoe kama fulani". Namuuliza, wewe mwenyewe unatokaje? Hajui. Hajawahi kujisikia bila kuigiza mtu.

Na Auto-Tune msiisingizie, ilitoka 1997 na kazi yake ni kusogeza noti iliyopotea irudi mahali pake. Rangi ya sauti haikupi. Ukiingia na sauti ya kuazima unatoka na sauti ya kuazima iliyonyooka.

Ninachofanya: namwambia aache kuimba, anisimulie alivyogombana na konda asubuhi. Nabonyeza kitufe cha kurekodi bila kumwambia. Pale anapofika "nikamwambia nirudishie chenji yangu!", hapo ndipo namkatisha na kumchezea. Wengi hawaamini ni wao. Kuna mmoja alisema huyo ni kaka yake.

#24 Babu Mchambuzi
Kwa hiyo umekubali sauti ni ya kuzaliwa. Asante Fundi.

#25 Fundi Mitambo
Babu sijasema hivyo. Konda ndiye aliyemfundisha.

#26 Mama Maziwa Mgando
Nyie maneno mengi. Yai bichi alfajiri, kijiko cha asali, tangawizi. Mwezi mmoja sauti inafunguka yenyewe. Mume wangu alikuwa anakoroma tu, sasa anaongoza mapambio.

#27 Nesi wa Zamu
Mama, kwa heshima zote, yai halifiki kwenye nyuzi za sauti. Chakula kina njia yake na hewa ina njia yake. Yai likigusa kule utakohoa mpaka machozi. Asali na tangawizi vinatuliza koo kwa juu, sawa. Kinachosaidia zaidi ni maji ya kutosha kutwa nzima, kulala, na kuacha kupiga kelele. Na yai bichi lina hatari ya kukuharisha, halafu utaimba ukiwa wapi?

#28 Mama Maziwa Mgando
Mume wangu anaongoza mapambio.

#29 Chura Kiziwi
Hiyo ni hoja isiyojibika.

#30 Mzazi Mwenzenu
Samahani nitoke nje kidogo ya mada. Kijana wangu ana miaka 13, alikuwa anaimba sauti ya kwanza inatoa machozi. Sasa inakatika katikati, mara ndege mara beberu. Amegoma kwenda kwaya. Nimlazimishe?

#31 Mwalimu Solfa
Usimlazimishe na usimtoe. Anabaleghe, nyuzi zinarefuka kwa haraka na hajui tena zilipo. Aimbe kidogo, pale panapokuja bila nguvu, na wasimcheke. Mimi huwapa kazi ya kugeuza kurasa na kupiga kayamba mpaka itulie. Wengi niliowapoteza kwenye kwaya niliwapotezea umri huo, kwa sababu ya kicheko cha benchi la pili.

#32 Mgogo wa Bahi Road
Kuna kitu hakijakaa sawa. Nesi pale #4 kasema mfupa unakufanya ujione mnene, rekodi inakuonyesha mwembamba. Mleta mada amejikuta MZITO kwenye rekodi. Imekaaje?

#33 Nesi wa Zamu
Umenikamata. Labda kwa sababu alizoea kujisikia akiimba tenor, sasa amerekodi besi, analinganisha watu wawili.

#34 Fundi Mitambo
Au chumba. KinandaKibovu, ulirekodia wapi?

#35 KinandaKibovu
Nimerudi wakuu, asanteni wote, nilikuwa safarini.

Bafuni.

#36 Fundi Mitambo
BAFUNI! Tofali, vigae, hakuna pazia, hakuna godoro. Bafu linavimbisha sauti za chini hadi paka anakuwa simba. Mkuu umekaa wiki unaomboleza sauti ya ndoo na beseni. Nenda chumbani, fungua kabati la nguo, imba ukiwa umelielekea.

#37 Mlalahoi wa Mbagala
Miaka tisa benchi siyo lako, wiki tatu sauti siyo yako. Mkuu hata hilo jina la Kinanda una uhakika ni lako?

#38 KinandaKibovu
Nimefanya ya kabati jana usiku. Na madaftari pia, mke wangu akafungua mlango akanikuta nimeshika "counter book" mbili masikioni namwimbia koti.

Bado nzito. Mchanga umepungua, haujaisha. Sijaipenda, nisiwadanganye. Ila Jumapili kulikuwa na sehemu besi wanashuka peke yao, hatua nne tu, wengine wote kimya. Nilishuka nayo bila kukunja shingo na nikasikia ubao wa benchi unatetemeka kwenye mapaja yangu. Kwenye sauti ya tatu benchi halikuwahi kunijibu.

Dada Mkunde, nilikukumbuka hapo.

#39 Dada Mkunde
Waache wageuke, kaka.

#40 Babu Mchambuzi
Nilisema ya kuzaliwa.

#41 Binti wa Ng'ambo
Babu na miaka tisa ya kuvuta ndoo je? Unadhani haijaacha alama kwenye hiyo besi? Huo mchanga kauzaa nani?

#42 Chura Kiziwi
Mada ifungwe? Mimi kahawa sijaletewa tangu #2.

#43 Mlalahoi wa Mbagala
Isifungwe. Mama Maziwa, yai liwe la kienyeji au hata la kisasa linafaa?